Kupuliza au Kukataa: Ukisimamishwa na Polisi Usiku Marekani

Katika magrupu ya WhatsApp ya Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaoishi Marekani kuna ushauri unaorudiwa kila Krismasi inapokaribia: polisi akikusimamisha na umeonja kitu, kataa kila kipimo. Usipulize, usitembee kwenye mstari, usitie sahihi. Anayeutoa huwa ni mtu mwema, na mara nyingi ana mfano wa shemeji yake aliyekataa na kesi ikafutwa. Shida ni kwamba shemeji huyo alikuwa Massachusetts na wewe uko Minnesota, au yeye anaendesha Toyota kwenda kazini na wewe unaendesha trela. Jibu lililomwokoa yeye linaweza kukutia wewe matatani zaidi.

Nimeandika haya kwa mtu anayeendesha gari Marekani, anayefikiri kwa Kiswahili hata akijibu kwa Kiingereza, na ambaye leseni si kitu pekee anachoweza kupoteza: ana viza, au kadi ya kijani, au ombi la uraia, au CDL, leseni ya magari ya biashara, inayolisha nyumba mbili, moja huku na moja nyumbani. Sheria za majimbo hurekebishwa kila baada ya muda, kwa hiyo yathibitishe ya jimbo lako ukiwa umetulia, mchana, kabla hujayahitaji.

Hapa hutapata hila ya kumwezesha mlevi kuendesha. Kila jamii yetu ya ughaibuni inajua mchango wa kusafirisha jeneza, na inajua uzito wa kumpigia mama Kisumu, Moshi au Bukavu kumweleza kwamba mwanawe hatarudi. Ukiwa umekunywa, mpe mwingine funguo au ita teksi. Lakini wanaosimamishwa si walevi peke yao. Husimamishwa pia muuguzi aliyetoka zamu ya pili akiwa amechoka hadi gari linayumba, na mjomba aliyekunywa glasi moja ya mvinyo kwenye harusi. Wote hao wataulizwa swali lile lile.

Kabla ya kipimo chochote

Taa za polisi zikiwaka nyuma yako, egesha upande wa kulia, zima injini, washa taa ya ndani, weka mikono juu ya usukani. Usishuke kumfuata askari kama tulivyozoea nyumbani. Huku kushuka bila kuambiwa kunachukuliwa kama tishio. Na usiguse pochi kwa nia ya kumpa kitu. Kumpa askari pesa ni jinai nzito kuliko kosa lenyewe la kuendesha ukiwa umelewa, na kwa asiye raia ni mlango wa kufukuzwa nchini.

Mpe leseni, bima na karatasi za gari. Akikuuliza umekunywa nini na kiasi gani, huna wajibu wa kujibu. Unaweza kusema kwa adabu, kwa Kiingereza chepesi, kwamba hutajibu maswali hayo bila wakili. Usidanganye, maana uongo utaandikwa. Wala usijitetee kwa "bia mbili tu". Kila askari ameshalisikia hilo, na ukilisema umeshakiri kwamba ulikunywa.

Kisha huenda akakuomba ushuke ufanye mazoezi matatu ambayo idara ya serikali kuu ya usalama barabarani, NHTSA, iliyasanifu ili yafanane nchi nzima. La kwanza ni kufuata kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa. La pili ni kutembea hatua 9 kisigino kwa kidole juu ya mstari, kugeuka, na kurudi hatua 9. La tatu ni kusimama kwa mguu mmoja huku ukihesabu kwa sauti, kwa muda wa nusu dakika hivi. Kwa kawaida mazoezi haya ni ya hiari, na ukiyakataa leseni haiguswi. Hapa nakubaliana na watu wa WhatsApp. Maelekezo hutolewa mara moja, kwa Kiingereza cha haraka, pembeni ya barabara yenye magari yanayopita kwa kasi. Ukianza kutembea kabla hujaambiwa uanze, hiyo ni alama moja ya ulevi. Ukikosea namna ya kugeuka, ni alama nyingine. Mtu mwenye goti bovu, mwenye uzito mkubwa, au ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu anaweza kuanguka mtihani huu bila tone la pombe mwilini. Sema tu: "Naomba nisifanye mazoezi haya." Ukiamua kuyafanya, taja kwanza goti, mgongo au lugha, na useme kwa sauti ya kusikika, kwa sababu kamera ya askari inarekodi.

Kuna mashine mbili

Wengi wakisema "nilipuliza" au "nilikataa" hawajui walipuliza nini. Barabarani askari ana kifaa kidogo cha kushika mkononi. Kituoni, au ndani ya gari maalumu la polisi, kuna mashine kubwa inayokaa juu ya meza. Sheria inaviangalia vitu hivi viwili kwa macho tofauti kabisa.

Kile kidogo humsaidia askari kuamua kama akukamate. Katika majimbo mengi mtu mzima wa miaka 21 na zaidi anaweza kukikataa bila kupoteza leseni, na namba yake kwa kawaida haitumiki mahakamani kuthibitisha kiwango cha pombe. California sheria inamtaka askari akwambie mwenyewe kwamba una haki ya kukataa, isipokuwa uwe chini ya miaka 21 au uko kwenye kipindi cha uangalizi kwa kosa kama hili la zamani. Lakini usiichukulie hiyo kuwa sheria ya nchi nzima. Michigan, kukikataa kifaa kidogo kunakuletea faini, na ukiwa dereva wa gari la biashara ni kosa la jinai.

Mashine kubwa huja baada ya kukamatwa. Texas utaona jina Intoxilyzer juu yake, na Massachusetts hutumia ya kampuni ya Dräger. Ina mrija uliopashwa moto ili mvuke wa pumzi usigande ndani yake. Askari atachana pakiti na kuchomeka kidomo kipya cha plastiki mbele yako. Unapuliza pumzi moja ndefu, na mashine inatoa mlio mmoja usiokatika maadamu unapuliza vya kutosha. Ukipunguza, mlio unakatika. Kabla ya hapo inampasa akutazame kwa muda, mara nyingi dakika 15, usicheue, usitapike, usitie kitu kinywani, kwa sababu pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba kwa uongo. Ukicheua, mwambie. Kisha utapuliza mara ya pili, na namba mbili zinalinganishwa. Mashine inapima pombe iliyotoka kwenye damu ikaingia mapafuni, kwa hiyo vitunguu, pipi za mnanaa na sarafu chini ya ulimi ni kujisumbua. Dawa ya kusukutua yenye pombe inaweza hata kukuongezea namba.

Yote yanayofuata yanahusu mashine hii kubwa.

Kwa nini kukataa kuna bei

Mwaka 1953 jimbo la New York lilitunga sheria ambayo leo majimbo yote yanayo kwa namna moja au nyingine: ukiendesha gari kwenye barabara zetu, umeshakubali kupimwa ukikamatwa kihalali kwa shaka ya ulevi. Unaweza kukataa kwa mdomo, lakini leseni inasimamishwa kwa kukataa kwenyewe, hata kama baadaye jaji atakuona huna hatia ya ulevi. Mwaka uliofuata, 1954, Robert Borkenstein wa polisi wa jimbo la Indiana alitengeneza kipima pumzi kilichorahisisha kazi hiyo, na tangu hapo mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

Mahakama Kuu ya Marekani imeshaweka mipaka. Mwaka 1983, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Neville, ilisema kukataa kwako kunaweza kuletwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama kama ushahidi: mwendesha mashtaka atawauliza, kama hakulewa, aliogopa nini? Mwaka 2016, katika kesi ya Birchfield dhidi ya North Dakota, ilisema polisi wanaweza kukupima pumzi baada ya kukukamata bila kibali cha jaji, na jimbo linaweza kufanya kukataa pumzi kuwa jinai. Damu haiingii humo. Kuchomwa sindano ni kuingiliwa mwili, na jimbo haliwezi kukufanya mhalifu kwa kukataa kutoa damu kama hakuna kibali. Kwa hiyo usiseme tu "nakataa". Sikiliza unaombwa nini. Ukiona ni damu, uliza kama kuna kibali cha jaji. Kikiwepo, usipigane nacho.

Waliotoka Kenya wanakumbuka Alcoblow, kipima pumzi cha polisi wa huko, na wanakumbuka mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilipoona kwamba kanuni za mwaka 2011 zilizoisimamia hazikupatana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Kumbukumbu hiyo imewaachia baadhi imani kwamba kipima pumzi hakina meno mahakamani. Huku kina meno. Majimbo yote yanahesabu kiwango cha pombe cha 0.08 kuwa kosa lenyewe, hata kama ulikuwa unaendesha vizuri. Utah ni 0.05 tangu mwisho wa mwaka 2018. Aliye chini ya miaka 21 anaguswa hata na 0.02.

Majimbo matatu, majibu matatu

Minnesota, kukataa mashine kubwa ni jinai. Na si jinai ndogo: kwa mtu wa mara ya kwanza ambaye namba yake isingefika 0.16, kosa la kukataa ni zito kwa daraja moja kuliko kosa la kulewa. Ndugu zetu wa Brooklyn Park na Minneapolis wanaofuata ushauri wa kukataa kila kitu wanajipandishia kosa wenyewe. Lakini Minnesota hiyo hiyo ina zawadi ambayo majimbo mengi hayana. Tangu mwaka 1991 mahakama yake ya juu inasema una haki ya kuzungumza na wakili kabla ya kuamua. Utapewa simu na muda wa kutosha, ingawa si usiku kucha. Itumie haki hiyo. Sema waziwazi unataka wakili, piga, na asipopokea mpigie mwingine. Usiutumie muda huo kumpigia mkeo au mchungaji. Habari watazipata asubuhi.

Texas ni hesabu nyingine. Ukikataa kwa mara ya kwanza leseni inasimamishwa siku 180. Ukipuliza ukazidi, siku 90. Kukataa kwako kunaruhusiwa kuwa ushahidi. Halafu kuna zile wikiendi ambazo polisi wametangaza kwamba hakuna kukataa: jaji yuko tayari usiku, askari anatuma maombi, kibali kinarudi, na muuguzi anakuja na sindano. Umeshapoteza siku 180 na damu bado imechukuliwa. Upande wa pili, namba ina uzito wake: ukifika 0.15 Texas inakupandisha daraja la kosa. Kwa hiyo aliyelewa sana anajikuta kati ya namba atakayoitoa mwenyewe na namba ambayo huenda ikachukuliwa kwa sindano. Mimi naona, mahali ambapo kibali kinapatikana kwa urahisi, kukataa kunakugharimu zaidi ya kunavyokufaa.

Massachusetts sitaficha kwamba hoja ya kukataa ina nguvu. Huko, kwa katiba ya jimbo, mwendesha mashtaka haruhusiwi kuwaambia wazee wa mahakama kwamba ulikataa. Bila namba, kesi inabaki na maneno ya askari na video. Bei yake ni leseni: siku 180 kwa mtu mzima wa mara ya kwanza, ilhali aliyepuliza akazidi anasimamishwa siku 30. Kwa mtu wa Lowell anayefanya kazi ya kulea wazee majumbani, nyumba tatu kwa siku, kila moja mji wake, siku 180 bila gari ni kazi kupotea. Mwingine anaishi karibu na treni na anaogopa hukumu kuliko kitu kingine chochote. Watu hawa wawili wakijibu tofauti, wote wanaweza kuwa sahihi.

Na kupuliza hakufungi kesi. Mwaka 2023 mahakama ya juu ya Massachusetts iliondoa matokeo ya mashine yaliyochukuliwa tangu Juni 2011 hadi Aprili 2019, baada ya kubainika kwamba ofisi ya jimbo iliyosimamia vipimo ilificha kumbukumbu za mashine zilizoshindwa ukaguzi. Walioguswa walikuwa watu 27,000 hivi. Namba inaweza kupingwa: mashine ilipimwa lini, askari ana cheti, alikutazama zile dakika? Leseni iliyosimamishwa kwa kukataa ni vigumu zaidi kuipinga, kwa sababu maswali yanayoruhusiwa ni machache, na kubwa ni hili: ulikataa au hukukataa?

Mwenye CDL

Kwa dereva wa trela sitazunguka: puliza. Sheria ya serikali kuu inahesabu kukataa sawasawa na kushindwa. Mara ya kwanza unazuiwa kuendesha magari ya biashara mwaka mmoja; miaka mitatu kama ulibeba mizigo ya hatari; mara ya pili ni maisha, na mlango wa kuomba tena ni mwembamba. Hilo linakupata hata ukiwa kwenye gari lako binafsi, Jumamosi, na watoto wako nyuma. Ukikataa umeshajihukumu mwenyewe mwaka mmoja. Ukipuliza, huenda uko chini ya kiwango na unakwenda zako.

Kiwango chako ukiwa kwenye lori ni 0.04, nusu ya cha wengine, na hapa hesabu za asubuhi huwaumiza watu wasiojiona wamelewa. Mwili huondoa pombe polepole, karibu 0.015 kwa saa, na kahawa, supu ya pweza au maji ya baridi haviuharakishi. Chukua mtu aliyetoka kwenye harusi saa nane usiku akiwa na 0.12. Akalala, akaoga, akapanda trela saa moja asubuhi. Saa tano zimeondoa 0.075, amebaki na 0.045. Hanuki, hayumbi, anajisikia mzima, na amezidi. Tena sheria inakataza kunywa ndani ya saa 4 kabla ya kushika kazi, na hata chembe inayoonekana kwenye kipimo inakusimamisha saa 24.

Chupa zetu nazo hudanganya. Wamarekani wanaposema kinywaji kimoja wanamaanisha gramu 14 hivi za pombe, yaani bia ya mililita 355 yenye asilimia 5. Chupa ya nusu lita tuliyoizoea nyumbani, ikiwa na asilimia hiyo hiyo, ina gramu karibu 20. Chupa tatu unazohesabu tatu, kwa kipimo chao ni zaidi ya vinywaji vinne.

Usichanganye pia kipimo cha polisi na kile cha mwajiri. Kampuni ikikuita kwa kipimo cha nasibu, hakuna mjadala wa haki hapo: kukataa kunaandikwa kama kushindwa, na tangu Januari 2020 kunaingia kwenye hifadhidata ya serikali kuu inayosomwa na kila mwajiri wa malori.

Asiye raia

Hapa ndipo ushauri wa WhatsApp unapodhuru zaidi, kwa sababu wanaoutoa wanadhani bila namba hakuna kumbukumbu. Kumbukumbu inaanza na kukamatwa. Alama za vidole zikichukuliwa mahabusu zinapita FBI na kufika idara ya uhamiaji. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama hukushtakiwa. Mwanafunzi au mfanyakazi mwenye viza anaweza kufutiwa viza na ubalozi kwa kukamatwa tu kwa kosa hili ndani ya miaka mitano, kabla jaji hajasema lolote. Kufutiwa viza peke yake hakukuondolei hadhi uliyo nayo ndani ya nchi, lakini ukisafiri kwenda kumzika baba hutarudi bila viza mpya. Kukataa kipimo hakukufutii hata moja kati ya hayo.

Kosa moja la kawaida la kuendesha ukiwa umelewa, bila ajali wala mtoto ndani ya gari, kwa kawaida halitoshi kumfukuza mwenye kadi ya kijani. Mwaka 2004, katika kesi ya Leocal, Mahakama Kuu ilikataa kuliita kosa la aina hiyo uhalifu wa kutumia nguvu. Mara mbili ni habari nyingine. Mwaka 2019 mwanasheria mkuu wa serikali aliamua kwamba mwenye hukumu mbili ndani ya kipindi kinachotazamwa anachukuliwa kuwa hana mwenendo mwema mpaka athibitishe kinyume chake, na mwenendo mwema ndio unaotakiwa katika ombi la uraia na katika maombi ya kuzuia kufukuzwa. Kwa hiyo kama una hukumu moja nyuma yako, usipime tu uwezekano wa kushinda kesi. Pima ni kipi kinachoongeza makosa. Katika jimbo ambalo kukataa ni jinai peke yake, unaweza kutoka kituoni na mashtaka mawili badala ya moja.

Mwambie wakili wa jinai mapema kwamba wewe si raia. Tangu mwaka 2010 sheria inamtaka akueleze madhara ya uhamiaji kabla hujakiri kosa lolote. Asipojua, mwambie aulize anayejua. Kukiri haraka "ili yaishe" ndiko kulikowaponza wengi.

Namna ya kusema

Ukishaamua, sema neno moja linaloeleweka. Ukinyamaza, sheria inakuhesabu umekataa. Ukisema "nitapuliza wakili akija", majimbo mengi yanakuhesabu umekataa, kwa sababu haki ya wakili unayoisikia kwenye filamu haifiki kwenye mashine hii. Minnesota ni tofauti kwa hilo, pamoja na majimbo machache mengine. Ukipuliza kwa kujibania mlio ukakatikakatika, umekataa. Kama una pumu au kifua kibovu, sema kabla ya kuanza, taja dawa unayotumia, na uombe kipimo cha damu badala yake. California hata mzima ana haki ya kuchagua kati ya pumzi na damu. Ukikataa kisha ukajuta, omba kupuliza papo hapo. Baadhi ya majimbo hayatakubali, lakini ombi lako litakuwa limerekodiwa.

Askari atakusomea karatasi ya onyo. Ni ndefu na imejaa maneno ya kisheria. Kama hujaielewa, sema hujaielewa na uombe mkalimani wa Kiswahili. Usiitikie "yes, yes" kwa heshima, jinsi tunavyomwitikia mkubwa. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya New Jersey ilimwondolea dereva asiyejua Kiingereza hatia ya kukataa kipimo, kwa sababu alisomewa onyo kwa lugha asiyoielewa. Majimbo mengine hayaendi mbali kiasi hicho, lakini ombi la mkalimani lililo kwenye kamera halijawahi kumdhuru mtu.

Na kama umepuliza na huiamini namba, majimbo mengi yanakuruhusu kutafuta kipimo chako mwenyewe kwa gharama yako. Texas lazima uombe damu yako ichukuliwe ndani ya saa 2 tangu kukamatwa. Omba kwa sauti, hata kama unaona haitawezekana usiku huo.

Kesho yake

Una kesi mbili, na wengi wanajua moja. Moja iko mahakamani, itachukua miezi. Nyingine iko kwenye ofisi ya leseni, na saa yake imeanza kuhesabu tangu usiku ule. Texas una siku 15 kuomba kusikilizwa kuhusu leseni. Massachusetts aliyekataa ana siku 15. California ni siku 10. Zikipita, leseni inasimama bila mtu kukusikiliza, hata kama ulikuwa na hoja ya kushinda. Karatasi uliyopewa kituoni, ile unayotamani kuichana, mara nyingi ndiyo kibali chako cha muda cha kuendesha na ndiyo yenye maelekezo ya kuomba. Ipige picha, mtumie wakili siku hiyo hiyo.

Andika kila unachokumbuka kabla hujalala: ulikula nini, ulikunywa nini na saa ngapi, ulisimamishwa wapi, askari alisema nini, ulikaa dakika ngapi kabla ya kupuliza, ulicheua au hukucheua. Andika kwa Kiswahili kama ndicho kinachokuja haraka, umpe wakili peke yake. Usiyaweke kwenye grupu, wala usimweleze rafiki kwa sauti iliyorekodiwa, kwa sababu hayo yote yanaweza kufika mahakamani. Na unapoomba kusikilizwa kuhusu leseni, omba mkalimani wa Kiswahili katika barua hiyo hiyo ya kwanza, utaje kama ni Kiswahili cha Kongo au cha pwani, wapate muda wa kumtafuta anayekuelewa.